Gemu Lisilokuwa na Mawinga

Mangi tulimuaga Jumatano, nyumbani kwake Levolosi, Arusha, kabla msafara haujaondoka kumpeleka Machame akalale na wazee wake. Jina lake la ubatizo lilisomwa na mchungaji nikashtuka kidogo, maana kwa miaka yote niliyomfahamu alikuwa Mangi tu, kama Wachaga wengi wenye maduka wanavyoitwa pale mjini, na sikumbuki kama niliwahi kufikiria kwamba mama yake alimpa jina jingine. Nilikuwa nimefika kutoka Dodoma jana yake. Nimekaa chini ya turubai, nimeshika sahani ya pilau ambayo sikuwa na hamu nayo, nakohoa kwa vumbi na baridi ya mwezi wa saba, ndipo nikasikia nyuma yangu sauti ya mwanamume ikisema, "Huyo anayekohoa si Karani?" Hakuna mtu aliyeniita Karani tangu nikiwa msichana. Niligeuka. Alikuwa Elibariki, ambaye Levolosi nzima ilimwita Jaji, amesimama na mkono juu ya bega la mkewe, uso ameuelekeza juu kidogo ya kichwa changu, anatabasamu. Nywele zake zimekuwa nyeupe kuzunguka masikio. Nilitaka kusema neno la maana, nikasema, "Jaji, njoo ukae, kuna kiti." Kisha nikalia, na kina mama wa msibani wakadhani namlilia Mangi, wakaniletea maji.

Namlilia Mangi pia, sisemi hapana. Yeye ndiye aliyenipa kazi ya kwanza katika maisha yangu, nilipomaliza kidato cha nne nikawa nasubiri nafasi ya chuo nyumbani kama mzigo. Alikuwa amefungua fremu ya magemu, hatua chache kutoka pale tulipokuwa tumekaa; leo wanauza makava ya simu. Kazi yangu ilikuwa kukaa mlangoni, kushika saa, na kuwatoa watu muda wao ukiisha, kazi inayotaka mdomo, na mdomo ninao. Chumba kilikuwa kidogo. Ukutani rangi ya mafuta ya kijani ilifika usawa wa kifua halafu ikakoma, kana kwamba mpakaji aliitwa kula hakurudi. Televisheni tatu juu ya meza ndefu, mabenchi mawili yaliyochongwa na fundi wa mabenchi ya kanisa, hivyo yalikuwa marefu na magumu na yalikufanya ukae wima. Mlangoni tulining'iniza blanketi la bluu kuzuia jua lisipige kwenye vioo. Jirani yetu alikuwa mama wa chai na chapati, na harufu ya maziwa yanayochemka ilipita chini ya blanketi kutwa nzima, ikichanganyika na ya soksi.

Ulikuwa mwaka ambao kila kitu kilianza kupatikana. Vijana wa leo wananitazama kama mwongo nikiwaambia kwamba tuliwahi kupanga foleni ya sabuni, tukaificha kabatini kama dhahabu. Halafu ghafla maduka yakajaa. Redio, majaketi, mafuta ya nywele, viatu vyenye taa kisiginoni, na televisheni zenyewe, ambazo tulipokuwa wadogo tulizisikia kama habari za Ulaya. Mangi aliupenda ulimwengu ule kwa moyo wake wote. Alikuwa mfupi, mwenye haraka, anatembea kama anayechelewa basi, na alikuwa na imani moja tu nje ya Ulutheri wake: kitu kikikosekana Arusha kiko Nairobi, kikikosekana Nairobi kiko Dubai. Aliisema akiuza, aliisema akila, na aliisema siku moja mahali ambapo sitasahau, nitafika huko.

Diski za magemu alizileta yeye mwenyewe kupitia mpaka wa Namanga. Zilikuwa kopi, zimefungwa kwenye karatasi za nailoni, juu zimeandikwa herufi za Kijapani ambazo hakuna aliyezijua, kwa hiyo kila diski ilifika kwetu kama mtoto asiye na jina. Hapo ndipo alipoingia Jaji. Alikuwa kijana wa Ngaramtoni, Mwarusha, mrefu, mpole wa sura lakini si wa ulimi. Kila asubuhi alishuka kwa baiskeli na madumu ya maziwa ya mama yake, akayamimina kwa mama wa chai, kisha akaingia kwetu akakaa. Mikono yake ilikuwa mizuri kwenye pedi ya kuchezea kuliko ya mtu yeyote, lakini si hilo lililompa jina. Machalii, vijana wa mtaa, wengi walikuwa wanajua kucheza. Jaji alijua kusema kwa nini. Mtu mwingine angesema gemu hili tamu au gemu hili bovu, basi. Yeye angetulia, akazungusha kidole gumba kwenye pedi bila kubonyeza, halafu akasema, "Gemu zuri likikupiga linakueleza kosa lako. Hili linakupiga tu, kama baba mlevi."

Mangi, mfanyabiashara, aliona mara moja. Akanunua ubao mweusi, akautundika nje, na ikawa desturi yetu ya kila Ijumaa. Diski mpya ikija, chumba kilifungwa asubuhi nzima, ndani tukabaki Jaji na mimi. Machalii walisimama nje ya blanketi wakisikiliza milio na kubishana. Akimaliza alilipa gemu jina, maana lilikuwa halina, kisha alinisomea hukumu na mimi nikatoka kuiandika ubaoni kwa chaki, kwa sababu mwandiko wake ulikuwa kama kuku amepita na wangu ulikuwa wa kidato cha nne. Ndiyo maana akaniita Karani. Alitoa alama juu ya kumi kama mwalimu. Nazikumbuka hukumu zake hadi leo kuliko mistari mingi niliyokaririshwa kwa ajili ya kipaimara. Gemu la ngumi aliloliita Mnara: "Wapiganaji wako wengi lakini ni watu wawili waliobadilishiana nguo. Alama nne." Gemu la kuruka na sungura: "Limetengenezwa na mtu anayependa watoto. Saba." Gemu la matofali yanayodondoka, ambalo hakuna chalii aliyelitaka, alilipa tisa na kusema, "Hili halina hadithi, halina damu, halina muziki wa maana. Lina akili." Wiki ile mama wa chai alianza kuja mchana biashara ikipoa, akacheza matofali, chapati zikaungua.

Kuna siku alikandia diski tatu mfululizo ambazo Mangi alizihangaikia. Mangi alikuja amevimba.

"Sasa wewe Jaji, unakaa kwenye benchi langu, unanichafulia bidhaa zangu?"

"Mangi, mimi sijazitengeneza."

"Sema basi hata saba! Saba inakuuma nini?"

"Nikisema saba kwa hili, lile la matofali nitaliitaje?"

Mangi aligeukia mlangoni. Aliangalia nje, akaona watu wamejaa wanasoma ubao na kucheka, wengine wanaingia kulicheza lile gemu bovu ili wahakikishe ubovu wake. Hakulalamika tena. Nilimpenda Jaji siku ile, na nisieleweke vibaya, haikuwa mapenzi ya kuolewa. Nilimpenda kama unavyompenda mtu anayekuonyesha kwamba kitu cha kuchezea kinaweza kufikiriwa mpaka mwisho. Nilikuwa sijawahi kuona mtu wa rika langu akikataa kusema saba.

Kisha, sijui ilikuwa mwezi gani, mvua za masika zilikuwa zimekatika, hukumu zake zikaanza kuwa na lalamiko moja. Gemu la magari: "Wameficha magari pembeni. Yanakurukia bila taarifa. Huu si ugumu, huu ni uonevu. Tano." Gemu la kupiga ndege za vita: "Adui anazaliwa pembeni ya kioo. Mtengenezaji alichoka kabla ya kufika ukingoni. Nne." Lakini gemu jipya la ngumi, ambalo watu wawili wanasimama katikati kutazamana, alilisifu sana. Na matofali aliyarudia kila siku, yanadondoka kwenye mstari wao mwembamba, anasema ndilo gemu pekee lililo kamili. Leo nikizipanga hukumu zile kichwani, moja baada ya nyingine, naona njia inavyozidi kuwa nyembamba. Wakati ule niliona mtu mwenye msimamo.

Gemu la mpira lilikuja wakati huo. Machalii walikuwa wamelisubiri kwa miezi. Habari zake zilishafika kutoka Nairobi, kwamba wachezaji wanatoka jasho, kwamba mtangazaji anapiga kelele kwa Kijapani utafikiri nyumba inaungua. Ijumaa ile nje ya blanketi palikuwa na watu mpaka kwa mama wa chai. Jaji alicheza, mimi nimekaa ubavuni mwake. Nilimwona winga wa kulia yuko peke yake, uwanja mzima wake, na Jaji akapeleka mpira katikati kwenye watu.

"Mbona yule wa kulia umemwacha?" nikasema.

"Yupi?"

"Yule pale."

Aligeuza kichwa. "Huyu ametokea sasa hivi, Karani. Hakuwepo."

Nilitazama tena, na nasema kweli, nilimwamini. Tulikuwa na sababu. Kila mtu pale alijua kwamba diski za kopi zina vilema vyake. Nyingine ziligoma katikati, nyingine zilionyesha picha ya rangi ya majivu kwa sababu zilitengenezwa kwa ajili ya televisheni za nchi nyingine, na nyingine picha ilifika imekatwa, namba za juu hazionekani. Ukiongeza na kwamba Jaji hakuwahi kukosea, jibu lilikuwa wazi. Akanisomea, nikaandika: "Gemu halina mawinga. Watu wanatoka pembeni kama wameitwa na kengele. Nyasi nzuri, mashabiki wanaimba vizuri, lakini mpira usio na mawinga ni foleni. Alama tatu." Machalii wakaisoma. Halafu mmoja akaingia, akacheza dakika mbili, akatoka na kusema, "Kweli aisee, pembeni hamna kitu." Wa pili akasema hivyo hivyo. Mtaa mzima wenye macho mazima ukalitazama gemu lile na usiwaone mawinga, kwa sababu Jaji hakuwaona.

Lawama zikamwangukia Mangi. "Umetuletea kopi imekatwa!" Alikuwa mtu wa kuona aibu kwa mteja, akairudisha diski Nairobi. Muuzaji akaiweka mbele yake, ikacheza vizuri, mawinga wakakimbia. Mangi akarudi nayo, na jibu jipya: tatizo ni televisheni zetu. Akamwita fundi. Naiona siku ile kama ya juzi. Fundi alifungua mgongo wa televisheni ya katikati, akaingiza bisibisi ya plastiki, akazungusha taratibu, na picha ikaanza kusinyaa, ukingo mweusi ukatokea pande zote kama fremu ya picha ya harusi. "Vuta benchi nyuma," Jaji akasema. Tukavuta. "Nyuma tena." Akaweka gemu la magari, akacheza kimya, halafu akapiga paja lake kofi. "Imepona! Magari yapo! Mangi, imepona!" Mangi aliagiza soda kwa kila aliyekuwa ndani. Tulipiga makofi. Jaji akaniambia niongeze alama moja kwenye la magari. La mpira alilijaribu tena akakunja uso, akasema mawinga wanaonekana nusu, akaliacha pale pale kwenye tatu. Inaniuma kuikumbuka furaha ile kuliko huzuni zote zilizofuata. Tulikuwa tumeipunguza dunia mpaka ikaingia kwenye macho yake, na tukamlipa fundi.

Siku ya gulio Ngaramtoni, umeme ukiwa wa mgao, tulifunga na Jaji akanialika kwao. Nyumba yao ilikuwa juu kidogo ya soko, upande unaoutazama mlima, na ndani kulikuwa na giza zuri la baridi lenye harufu ya moshi na maziwa. Mama yake tulimwita Yeyo, kama yeye alivyomwita, maana ndivyo Waarusha wanavyomwita mama. Alikuwa mwembamba, masikio yametobolewa kwa mtindo wa zamani, Kiswahili chake kifupi kama cha mtu anayehesabu maneno. Nilimwamkia shikamoo, akaniitikia, akanitazama kutoka juu hadi chini, akasema neno kwa Kimaa na Jaji akacheka. "Anasema wewe ndiye unayemwandikia maneno mabaya." Alitupakulia loshoro, mahindi laini katika maziwa ya mgando, baridi. Bakuli langu akaniwekea mikononi. La Jaji akaliweka kwenye kigoda, upande wake wa kushoto, akarudi kukaa.

Tuliongea kidogo. Mimi nikala. Jaji akasema, "Yeyo, na mimi?"

Yeyo alicheka. Alidhani anadeka. Kisha akaacha kucheka. Alimtazama usoni, akanyoosha mkono, akakishika kigoda na kukisogeza mbele kidogo. Jaji alikuwa bado anatabasamu, anasubiri chakula. Yeyo akasogeza tena. Na tena, taratibu, bila neno, mpaka bakuli likawa karibu mbele ya magoti yake, na Jaji akasema, "Haya, ahsante," akalichukua kana kwamba limeletwa sasa hivi. Yeyo hakurudi kukaa. Alichukua kikombe cha maji, akazunguka, akakishika hewani upande wa kulia, akaanza kukileta mbele kidogo kidogo. Mimi kijiko kilikuwa kimesimama mdomoni. Kikombe kilipita sikio, kikapita shavu, kikafika mahali ambapo mtu yeyote angekisukuma kwa mkono, na Jaji anakula. Ndipo Yeyo akajifunika mdomo kwa upande wa lubega yake. Macho yetu yakakutana, na nikawaona mawinga wote, magari yote, ndege zote, mara moja.

Mangi aliwapeleka Jaji na Yeyo Moshi kwenye hospitali kwa pikapu yake siku iliyofuata, nami nilikwenda kumshika Yeyo mkono. Daktari alikuwa mwanamke, mpole, amechoka. Alimpima Jaji muda mrefu, kisha akatueleza kwamba ni presha ya macho, kwamba huwa wanapata wazee lakini kuna vijana wachache pia, kwamba huwa haiumi, inakula kuanzia pembeni na mwenyewe hajui. Kilichopotea hakirudi. Watamfanyia upasuaji, watampa dawa ya matone, kulinda kilichobaki, nacho si kingi.

"Andika jina la dawa inayorudisha," Mangi akasema. "Wewe andika tu. Ikikosekana hapa iko Nairobi, ikikosekana Nairobi iko Dubai. Nitaifuata mwenyewe."

"Kaka yangu, haipo."

"Haipo hapa."

"Haipo popote."

Mangi alibaki ameshika kofia yake. Yeyo aliuliza kwa Kimaa ni nini kimesemwa, na Jaji, mwenyewe, ndiye aliyemtafsiria, sauti yake kavu kama anasoma hukumu. Yeyo akamgeukia daktari, akasema kwa Kiswahili chake kile, "Mimi mzee. Nimeshaona mambo. Toa moja langu, mpe yeye." Daktari alimwambia, mama, haiwezekani hivyo. Yeyo akasema, "Basi yote mawili." Sikuwahi kujiona mtu asiye na faida kama nilivyojiona kwenye korido ile. Nilikuwa na mikono miwili mizima, na hapakuwa na kazi hata moja ya kuifanyia.

Walifanya upasuaji. Matone aliyaweka bila kukosa. Mzee mmoja wa usharika alisema ni mionzi ya televisheni, akaombea, na Mangi, ambaye alikuwa tayari kuamini chochote, akanunua vioo vya kuzuia mionzi akavifunga kwenye televisheni zote tatu, picha ikawa ya kahawia. Hakuna kilichosaidia. Kwa miezi kadhaa Jaji aliendelea kuja, bila baiskeli sasa, akishuka na Yeyo aliyebeba maziwa mwenyewe. Alikaa mbali na kioo, shingo imenyooka, akitazama dunia kama anayechungulia kwenye mwanzi, na mwanzi ule ukawa unajaa ukungu. Ijumaa zetu tuliendelea nazo. Mimi nilimsimulia: kuna mlango kushoto, umefungwa, kuna ngazi, kuna mtu anashuka. Mwanzoni nilisimulia vibaya, nikimwambia "kinatisha" au "pazuri", akanikatiza, "Karani, usinipe alama. Nipe vitu. Alama nitatoa mimi." Hiyo ndiyo elimu niliyoipata mwaka ule. Nimeandika taarifa ofisini maisha yangu yote kwa kanuni ile.

Gemu la mwisho tulilolihukumu lilikuwa la jumba lenye maiti zinazotembea. Alifumba macho kabisa, akaniambia nisiseme kitu, akasikiliza. Kiatu juu ya mbao, kiatu juu ya zulia, maji yanadondoka, na mara akasema, "Nyuma ya mlango huu yupo mmoja, mguu wake unaburuzwa." Nilifungua, alikuwepo. Jaji alikuwa anang'aa. Alinisomea hukumu ndefu kuliko zote, yenye alama tisa, kwamba mtu aliyetengeneza milio ya jumba lile anajua woga unaishi wapi. Nikatoka kuiandika. Nilikuwa sijamaliza mstari wa tatu, chalii mmoja aliyesimama nyuma yangu akasema, wala hakusema kwa ubaya, "Lakini Jaji si haoni siku hizi? Anahukumu nini sasa?" Mimi, mwenye mdomo wangu, sikumjibu. Blanketi halizuii sauti.

Niliporudi ndani alikuwa ameshaweka pedi chini, waya ameuzungusha vizuri. "Futa," akasema. Nikamwambia hukumu ni nzuri, ni nzuri kuliko zote. "Najua. Futa ubao, Karani. Mtoto yule ameuliza swali zuri." Nilichukua kitambaa chenye maji nikaenda nikafuta, kwa sababu aliniambia nifute, na kwa sababu sikuwa na hoja. Kitambaa kiliacha chaki mistari mistari. Yeyo alikuja kumchukua, wakaondoka polepole kuelekea stendi, yeye mrefu, mama mfupi mbele yake, mkono juu ya bega. Hakurudi tena. Nafasi yangu ya chuo ilitoka, nikapelekwa Dodoma. Ubao Mangi hakumruhusu mtu mwingine auandike. Ulibaki mtupu mpaka ukaliwa na mvua.

Haya yote yalipita kichwani mwangu pale msibani, huku yeye amekaa kwenye kiti cha plastiki pembeni yangu, anakula pilau kwa utaratibu, mkewe amemweleza nyama iko wapi. Ana watoto watatu, ng'ombe, na kwaya ya usharika anayoifundisha, ambayo waimbaji, mkewe akaniambia, wanamwogopa kwa sababu hasemi uongo. Alinitania kwamba nimenenepa, anasikia kwenye pumzi. Tukamzungumzia Mangi, soda za siku ya fundi, chapati zilizoungua. Wanaume walianza kunyanyua viti, gari lenye jeneza likawashwa. Nikadhani tumemaliza.

"Karani," akasema. "Lile la mpira. Nilisema tatu."

"Ulisema tatu."

"Lilikuwa na mawinga?"

Nililijua lile gemu. Wiki ile ile Jaji aliyoondoka, Mangi alimwita fundi akairudisha picha ya televisheni ya katikati kama zamani, akaweka diski ile, na machalii wakaigombea mpaka ikachakaa. Hakuna aliyekumbuka kwamba aliwahi kusema pembeni hamna kitu. Nilimtazama Jaji, uso wake umeinuliwa kuelekea kwenye mlima ambao siku ile ulikuwa wazi mpaka kileleni, na nilitamani mtu mwingine aulizwe.

"Lilikuwa nao," nikasema.

"Wazuri? Usinipe alama."

"Wa kulia alikuwa anakimbia mpaka karibu na kibendera. Halafu anasimama. Anainua kichwa kuangalia nani yuko mbele ya goli, ndipo anapiga. Wa kushoto alikuwa haendi mpaka mwisho, anakata kuingia ndani, na beki anateleza."

"Anateleza kweli?"

"Anakaa chini kabisa. Nyasi zinaruka."

Aliacha kutafuna. Magari yalikuwa yanaanza kujipanga, mkewe amesimama, ameshika koti lake. Jaji alizungusha kidole gumba juu ya ukingo wa sahani, taratibu, kama alivyofanya zamani kwenye pedi.

"Tulilionea," akasema. "Andika nane."

Sikuwa na chaki, wala ubao, wala ukuta. Nilisubiri muda ambao mkono wangu ungechukua kuiandika, kisha nikamwambia, "Nimeandika."